Bega la Kulia

Mnataka nianze na siku ya kiapo.
Mimi naanza na zizi la Odriozola,
Julai, mwezi wa baridi kwetu, saa tisa za usiku:
mimi nimeshika taa, yeye kavua shati,
mkono wa kulia umezama hadi kwapani
ndani ya ng'ombe mwekundu aliyeshindwa kuzaa.
"Zulma," akaniambia, "huyu katanguliza mgongo."
Akafumba macho.
Daktari Bidegain alifumba macho daima
mkono ulipokuwa gizani,
maana huko, alisema, macho ni wambea tu,
vidole ndio mashahidi.

Ng'ombe akajikamua.
Bega likalia kama kuni mbichi motoni.
Hakutoa mkono.
Alfajiri ndama alisimama kwa miguu minne,
kila mguu na shauri lake.
Odriozola hakuwa na peso. Alilipa jibini
na kibuyu cha chai chungu; tukapokezana mrija
mpaka jua likatukuta.

Andikeni na hilo bega.

Kisha ukaja mwaka wa miguu na midomo.
Sitausimulia wote.
Ng'ombe walitembea kama watu waliovaa viatu vya kuazima.
Amri ilitoka mji mkuu na mhuri wake;
aliyeiandika hajapata kunusa zizi.
Katapila likachimba. Chokaa ikaja kwa malori.
Daktari ndiye aliyetia saini, shamba kwa shamba,
na kwa Odriozola aliandika kila mnyama kwa jina:
Mjane, Tarishi, Asali, Mguu-Pinda,
yule mwekundu,
na ndama wake wa usiku ule, sasa fahali.
Karani akasema fomu inataka idadi.
"Basi hesabu majina."

Odriozola hakumpa mkono.
Wala mimi nisingempa.

Siasa ilianzia hapo, si jukwaani.
Alikwenda kudai fidia ya wafugaji sitini na wawili,
akarudishwa mlangoni, akarudi, akarudishwa,
akagombea ubunge
ili tu, alisema, apate ufunguo wa ule mlango.
Nyuma ya mlango kulikuwa na mlango.

Wapinzani walimchora akiipima nchi homa kwa nyuma.
Akaitundika katuni ofisini.
Hotuba zake zilikuwa fupi na mbaya;
alizisoma kama anayesoma maandishi kwenye chupa ya dawa.
Nilimuuliza utawala ukoje. Akasema:
"Ng'ombe hasemi panapomuuma, kwa hiyo unapapasa.
Watu wanasema panauma kila mahali.
Unapapasa vilevile."

Haya, siku ya kiapo.
Tarumbeta, utepe wa taifa kifuani,
jeshi zima likapiga saluti,
naye akainua mkono, ukaishia kidevuni.
Magazeti yakaandika: kiburi.
Jenerali mmoja alinuna mpaka Pasaka.
Hakueleza lolote.
Mimi nilikuwa mstari wa nane, nyuma ya mama mwenye kofia pana,
na pamoja na tarumbeta zote zile nikasikia, naapa,
kuni mbichi.

Alitawala vyema? Wafugaji walilipwa.
Reli ya kaskazini aliifunga;
shemeji yangu, mpiga filimbi wa stesheni,
mpaka leo akimwona runingani anageuza kiti.
Odriozola hakumpigia kura, mara zote mbili,
na alikuja kuniambia mwenyewe, mara zote mbili.

Sasa anaishi ng'ambo ya barabara yangu.
Anajichania nywele kwa mkono wa kushoto, vibaya.
Juzi usiku mbwa wa jirani alikuwa anazaa, amekwama,
nikasikia dirisha likigongwa:
"Zulma. Lete taa."

Umeme upo, daktari. Uliuleta wewe.

Nikaleta taa.